Cheti cha Wifi

Alipoolewa, kila mwenye mdomo alimpa onyo. Mume ni mtu mwema, walimwambia, mama mkwe naye hana neno, ila wifi yako, yule dada mtu, huyo kaa naye kwa macho manne. Akikutazama kutoka juu mpaka chini, utajikuta unajiuliza kama ulioga. Basi bibi harusi akaingia kwenye nyumba ile amejikunyata kama kifaranga aliyenyeshewa, akisubiri siku yake ya kukaripiwa. Siku zikapita, miezi ikapita, wifi hakumkaripia. Wala hakumchekea. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno ya kuhesabu, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi, na kazi yake ilikuwa kwenye hospitali kubwa, chumba cha mitambo, akizitunza seva.

Ajabu ni kwamba bibi harusi naye alisomea kazi hiyohiyo. Hospitali ilipofungua kliniki ya wazazi upande wa pili wa mji, wifi alifunga safari mwenyewe mpaka kwa Daktari Mkuu wa kliniki, akamwambia, "Mke wa mdogo wangu anaijua kazi. Mchukue. Namdhamini mimi." Nyumbani hakusema kitu. Yule bibi harusi, ambaye sasa wote kliniki walimwita Fundi, alikuja kuyasikia hayo kutoka kwa Daktari, na tangu siku hiyo woga wake ukageuka sura. Zamani aliogopa kukaripiwa. Sasa aliogopa kumwaibisha mtu aliyeweka jina lake mbele kwa ajili yake.

Na leo, kwa jinsi mambo yalivyokuwa yanakwenda, aibu yenyewe ilikuwa imeshavaa viatu iko njiani.

Kliniki ilikuwa na seva yake, ndogo kama begi la safari, imekaa kwenye chumba chembamba kilichokuwa stoo ya mashuka. Mashuka yenyewe bado yalikuwamo, yamefungwa marobota ukutani, na feni juu yake ikilalamika mchana kutwa. Kazi ya seva hiyo ilikuwa moja: kutunza orodha. Nani anafanya kazi hapa, nywila yake ni ipi, anaruhusiwa kufungua mafaili gani; na seva zenyewe zimeandikwa humo kwa majina. Orodha mama ilikaa hospitali kubwa, kwa wifi. Hii ya kliniki ilikuwa nakala. Mtu akiandikwa kule, jina lake linatakiwa literemke lenyewe mpaka huku.

Wakati wa majaribio, seva hizi mbili zilikuwa zikijuana kwa nywila, kama watoto wawili walioambizana neno la siri mlangoni. Lakini neno la siri akilidaka mwingine, naye anapita. Kwa hiyo wakubwa waliamua kwamba sasa kila seva iwe na cheti. Cheti kina jina la mwenye nacho, kina tarehe, kina muhuri. Seva ikibisha hodi kwa mwenzake inatoa cheti, kinakaguliwa, ndipo inafunguliwa. Vyeti viliwekwa jana, Fundi huku na wifi kule, na wote wawili wakaenda nyumbani kulala usingizi mwema.

Asubuhi hakuna jina hata moja lililoteremka.

Wakunga waliohamishwa kutoka hospitali kubwa walifika na mikoba yao, wakaketi kwenye kompyuta, wakaandika majina, na kompyuta ikawajibu kwamba haiwajui. Mkubwa wao alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, na kule alikotoka walimwita Jenerali. Alikuja moja kwa moja mpaka mlango wa stoo.

"Mwanangu, hii mashine yako inasema mimi si mtu."

"Haijasema hivyo, mama. Inasema jina lako bado halijafika."

"Ni hayohayo. Umri wote huu nazalisha, watoto niliowapokea sasa wana ndevu, leo naambiwa sijulikani!"

"Nivumilie kidogo, mama. Kwa sasa tumia karatasi."

"Karatasi nitatumia, mkono wangu haujasahau. Pale ndani kuna mmoja uchungu umeshamshika, nitamwandika kwenye karatasi. Lakini kesho wanaletwa kina mama wa wodi yote. Nikikosa kuona nani alipungukiwa damu na nani ana presha, nitabahatisha? Mama mjamzito habahatishwi."

Alikuwa hajamaliza, Daktari Mkuu akatokea nyuma yake. Daktari alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomkata Fundi maini, maana mtu akikupigia kelele unaweza kununa, lakini huyu alisema kama anayekuombea.

"Binti, sina ugomvi na wewe. Ila kesho wodi mpya inafunguliwa, na haiwezi kufunguliwa wakunga wakiwa nje ya mafaili. Mpaka jioni isipopona, nitawaita watu wa kampuni iliyotuuzia mashine. Na nikiwaita wao, huja na fundi wao, nao hutaka abaki." Akatazama sakafu. "Na wewe bado uko kwenye majaribio. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Daktari."

"Wifi yako alikusifu sana," akasema, na akaenda zake. Afadhali angekaa kimya.

Fundi akafunga mlango, akashika tama kidogo tu, kisha akapiga simu hospitali kubwa.

"Hallo, wifi."

"Naam, wifi."

"Wifi, hakuna kilichopita."

"Najua. Hata mimi naona kwangu." Sauti ilikuwa kavu kama mkate wa juzi. "Kebo?"

"Nimeangalia. Mtandao unapita, nikiita huko kwako kunaitika."

"Saa ya seva?"

Hilo nalo alikuwa ameliangalia kwanza kabisa, maana seva ambayo saa yake iko nyuma hukitazama cheti cha jana ikasema hiki hakijaanza kutumika, na iliyo mbele husema kimeshaoza. "Saa ni sawa na ya kwako, wifi. Hazipishani."

"Mfano wa muhuri, ule wa kukagulia vyeti? Umeuweka kwenye folda la tunaowaamini?"

"Umo. Nimeufungua, nimeulinganisha na wa kwako herufi kwa herufi."

"Jina?"

"Linasomeka vizuri. Wifi."

"Na langu?"

"Nalo linasomeka. Wifi."

"Vizuri," wifi akasema. "Basi sijui." Akanyamaza muda mrefu, mpaka Fundi akatazama simu kama imekatika. "Soma logi tena. Nitakupigia." Na sasa ikakatika kweli.

Logi ni pale seva inapoandika kila inachokifanya, na Fundi alikuwa ameisoma mpaka macho yakawasha. Kila mara ilikuwa na neno lilelile: cheti kimekataliwa. Kwa nini kimekataliwa, haisemi, kama mtoto aliyenuna. Akakitoa cheti akakirudisha. Akaizima huduma akaiwasha. Akajaribu tena, akakataliwa tena, akawa anaongea peke yake kwa sauti: "Wifi amekataa. Wifi hapokei. Jamani, wifi leo ana nini?"

Jenerali alikuwa anapita korido amebeba beseni. Alichosikia akakipeleka mapokezi kama alivyokisikia, na dada wa mapokezi, ambaye hakutaka kusumbuliwa na waume waliokuja na simu mkononi, akachukua kalamu nene akaandika tangazo akalibandika kwenye kioo cha mlango wa mbele: LEO HAKUNA WIFI.

Simu ya Fundi ikaita. Alikuwa mume wake.

"Vipi, mmeshapigana?"

"Nani?"

"Wewe na dada. Nimempigia, hakupokea. Nikajua mmoja wenu yuko chini."

"Usinitanie, mwenzio namwaga unga leo." Akamweleza kwa kifupi, kuhusu jioni, kuhusu kampuni. "Na wifi ameninunia. Kanijibu maneno mawili akanikatia simu. Alinidhamini, nami namrudishia aibu."

"Sikiliza. Dada yangu akinyamaza hajanuna, anafikiri. Nimekua naye, namjua. Akikasirika anaimba."

"Anaimba?"

"Anaimba. Ukimsikia anaimba, tafuta mlango."

Fundi akacheka bila kutaka, akafuta pua, akarudi kwenye seva. Wifi hakupiga. Jua likavuka paa za upande wa pili, kivuli cha dirisha kikahama kutoka kwenye marobota kikaja sakafuni, wifi hakupiga. Fundi akaanza kukusanya vitu vyake taratibu bila mwenyewe kutambua: kikombe chake, sweta yake, picha ndogo ya harusi aliyokuwa ameiegemeza kwenye seva. Ndipo mlango ukasukumwa.

Alikuwa ni wifi mwenyewe, mtu mzima na urefu wake wote, kompyuta ya mkononi chini ya kwapa, viatu vimejaa vumbi.

"Nimesoma mlangoni kwamba sipo," akasema.

Fundi hakuelewa. Wifi akageuza kichwa kuelekea mapokezi. "Kwenye kioo. Leo hakuna wifi. Nikasema, basi na nirudi, wameshaniarifu."

"Ya Rabi!" Fundi akaziba mdomo. "Wifi, nisamehe, hilo ni la mtandao, yaani la waifai, wamesikia vibaya, nitakwenda kulibandua sasa hivi."

"Liache. Limenichekesha, na sijacheka tangu jana." Lakini uso wake ulikuwa bado umekaza, na Fundi hakujua acheke au asimame. Akasimama. Akakivuta kiti chake nyuma, kiti pekee kilichokuwa mle ndani, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa, wifi. Nimekuachia nafasi."

Wifi akakitazama kiti, akamtazama yeye, akaiona sweta iliyokunjwa na picha iliyolazwa kifudifudi juu yake. Akalivuta robota moja la mashuka, akaliketia kama kigoda, akafungua kompyuta yake magotini.

"Hicho ni kiti chako. Mimi nimekuja kusikiliza tu. Simu haitoshi, kwenye simu kila mtu anamsikia mwenzake nusu. Haya, hapa nimeingia kwenye seva yangu kutoka mbali, naiona kama niko mbele yake. Wewe ndiye fundi wa hapa. Niambie tufanye nini."

Fundi akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza leo mtu kumuuliza badala ya kumwambia. Akafikiri.

"Hizi logi zinatunyima maneno," akasema. "Nilitaka kuiambia yangu iseme kila kitu, hatua kwa hatua, nikaogopa itajaza diski, nikaifungua mdomo kidogo tu. Tuzifungue mdomo zote mbili mpaka mwisho. Kisha tubishe hodi kwa zamu, mmoja anabisha mwingine anasoma."

"Hapo umesema."

Wakaingia kazini. Vidole vikaenda, feni ikalia. Baada ya muda Fundi akasikia kitu kilichomsimamisha damu: wifi alikuwa anaimba. Chinichini, midomo imefumbwa, wimbo usio na maneno. Fundi akaacha kibodi. Akatazama mlango.

"Wifi," akasema polepole. "Umekasirika?"

"Nani kasema?"

"Unaimba."

Wifi akashusha miwani. "Ni mdogo wangu huyo kakwambia. Mwongo yule! Naimba kwa sababu hiyo feni yako inaimba vibaya, naisaidia. Bisha hodi."

Fundi akabonyeza. Seva ya kliniki ikabisha hodi kwenye seva ya hospitali, na safari hii wifi akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari kwenye skrini.

"Kuna anayebisha. Cheti anacho. Tarehe nzuri. Muhuri wetu, halali. Jina lake wifi. Natafuta wifi kwenye orodha." Akasogeza uso karibu. "Nimeona zaidi ya mmoja. Sijui ni yupi. Cheti kimekataliwa."

"Zaidi ya mmoja?"

"Ndivyo ilivyoandika. Hebu sasa na mimi nibishe kwako."

Akabonyeza. Fundi akasoma.

"Kuna anayebisha. Tarehe nzuri. Muhuri halali. Jina lake wifi." Hapo sauti ikamshuka. "Natafuta wifi kwenye orodha. Nimeona zaidi ya mmoja. Sijui ni yupi."

Wakatazamana.

"Wifi," akasema mmoja.

"Naam, wifi," akaitika mwingine, na wote wawili midomo ikabaki wazi.

"Ngoja," wifi akasema. "Ngoja kwanza. Kwenye orodha hii, wifi ni nani?"

"Wifi ni wewe."

"Mimi? Mimi nitakuwaje wifi kwenye seva yangu mwenyewe? Wifi ni wewe."

"Kwangu ni wewe!"

"Na kwangu ni wewe!"

Ndipo yote yakawarudia. Siku ile ya kuandika maombi ya vyeti walikuwa kwenye simu, kila mtu mbele ya mashine yake. Fundi akauliza, huko kwako umeniandika nani, maana cheti lazima kiseme jina lilelile lililo kwenye orodha ya mwenzako. Wifi akajibu, wifi. Naye akauliza, na wewe umeniandika nani? Wifi. Haya, sawasawa. Masikioni mwao lilikuwa jambo la kawaida kabisa, maana hata chumbani kwa mama mkwe mmoja akisema wifi anaitika yule, na yule akisema wifi anaitika huyu, na hakuna siku waliyowahi kupotezana. Wakapeleka maombi kwenye mashine ya mihuri, kila mtu kwa wakati wake, na mashine ya mihuri haijui utani wala ukoo: imegonga cha kwanza, imegonga cha pili. Walipokuwa wakitumia nywila, jina halikuulizwa sana. Lakini sasa anakuja mtu na cheti safi, anasema naitwa wifi, mlinzi wa mlango anafungua orodha anakuta wifi mmoja upande wa hospitali na wifi mwingine upande wa kliniki. Afanye nini maskini? Afadhali amfungie kuliko amwingize asiye yeye.

Wifi ndiye aliyeanza. Kwanza mabega yakatikisika, halafu miwani ikaanguka kifuani, halafu kicheko kikamtoka ambacho Fundi hajawahi kukisikia nyumbani hata siku moja, kicheko kinene cha tumboni, cha msichana, mpaka robota likateleza akawa nusu chini nusu juu. Fundi naye akaangua. Wakacheka mpaka mbavu zikawauma, na Jenerali akachungulia, akawaona, akatikisa kichwa, akafunga mlango akasema nje, "Wameshachanganyikiwa."

"Nani wa kubadilisha?" Fundi akauliza alipopata pumzi. "Acha nibadilishe mimi. Wewe ni mkubwa, jina baki nalo."

"Cheti hakina mkubwa."

"Basi mimi niandike mke wa mdogo wako."

"Refu mno, halitaenea kwenye kisanduku." Wifi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Tubadilishe wote. Yangu iitwe hospitali, yako iitwe kliniki. Majina ya kazini yawe ya kazini."

Wakaanza upya. Fundi akaandika ombi jipya, akalisoma kwa sauti mara mbili, wifi akalipokea upande wa pili, akalitazama kwa macho yake kabla halijakwenda kugongwa muhuri. Na katika kungoja mashine ya mihuri imalize, Fundi akauliza jambo ambalo lilikuwa limemkwama.

"Wifi. Ungeweza kuniandika kliniki tangu mwanzo. Au fundi. Kwa nini uliniandika hivyo?"

Wifi akaangalia skrini yake kama kuna kitu cha kusoma, na hakikuwapo.

"Ningekuandika nani?" akasema. "Nina mmoja tu. Nimekua na wanaume watupu nyumba ile, wadogo zangu wote madume, viatu kama mitumbwi kila pembe. Nikawa nawaambia, oeni, oeni, nami nipate wa kumwita wifi. Akaoa huyo wako. Nikafurahi. Halafu watu wakanijia."

"Watu gani?"

"Watu tu. Kwamba mke wa mdogo wako ni msomi, kazi yake na yako ni moja, atakuona umepitwa na wakati, atakudharau. Kaa naye kwa macho manne. Nikasema, basi ninyamaze, nisije nikaonekana najua kumbe sijui."

Fundi akageuka mzima kwenye kiti. "Aliyekwambia ni yule jirani wa nyumba ya geti la bluu?"

"Huyohuyo."

"Mwenye kusema huku anakushika mkono?"

"Anakubinya kabisa!"

"Na mimi ndiye aliyenionya juu yako."

Wifi akapiga goti lake kofi. "Mwanamke yule! Mwaka mzima tumekaa kimya sebuleni tukisikiliza saa ya ukuta." Kisha akashusha sauti. "Asubuhi nilipokukatia simu sikuwa nimenuna. Nilikimbilia kwa mkubwa wangu kuomba ruhusa nije. Akanikatalia. Nikakaa hapo mlangoni kwake mpaka akachoka na mimi. Nilimwambia, yule nimemdhamini, siwezi kumwacha asimame peke yake."

Fundi akaunyoosha mkono akamrekebishia uzi wa miwani uliokuwa umejipinda nyuma ya shingo, kama anavyofanyiwa mtu wa nyumbani, na wifi akainamisha kichwa amwachie nafasi.

Mashine ya mihuri ikalia. Vyeti viko tayari.

Wakaweka, kila mtu kwake. Wakabadilisha majina kwenye orodha. Fundi akaizima huduma akaiwasha, maana seva ina tabia ya kukumbatia cheti cha zamani mpaka uiamshe. Akabisha hodi. Mistari ikaanza kupanda. Tarehe nzuri. Muhuri halali. Jina lake kliniki. Natafuta kliniki kwenye orodha. Nimempata. Ni mmoja. Ingia.

"Ingia," wifi akarudia, kwa sauti ya chini kama mtu anayemfungulia mgeni usiku asiwaamshe watoto.

Na majina yakateremka. Yalikuja kama watu wanaoshuka ngazi, mmoja nyuma ya mwingine, wakunga wote waliokuwa wamekaa benchi tangu asubuhi. Fundi akafungua mlango akaita, na Jenerali akaja mbio, mikono bado ina unyevu wa sabuni, akaketi kwenye kompyuta ya wodi, akaandika jina lake kwa kidole kimoja kizito.

Ikafunguka. Mafaili yakajipanga mbele yake.

"Haya, kumbe mimi ni mtu!" akapaza sauti. "Nipisheni, nina mtoto wa kuandika. Amezaliwa sasa hivi, wa kike, analia kama anatudai. Mama yake yuko salama." Akaanza kuandika, na wenzake wakajaa nyuma yake wakigombea zamu.

Daktari Mkuu alifika kwa kelele hizo. Aliangalia skrini moja, akaangalia ya pili, akamwona wifi amesimama kwenye mlango wa stoo.

"Umekuja kumsaidia?"

"Nimekuja kukaa juu ya mashuka," wifi akasema. "Aliyeitengeneza ni yeye."

"Hapana, Daktari," Fundi akasema, maana hakutaka kuanza kazi yake kwa uongo. "Kosa ni letu wote wawili. Tulivipa vyeti viwili jina moja. Tungekuwa makini siku ile, leo wakunga wasingekaa benchi."

"Jina gani?"

Wakatazamana tena, na safari hii wifi ndiye aliyelitaja.

Daktari hakucheka mara moja. Alikwenda mpaka mlango wa mbele, wakamwona anasimama kuelekea kile kioo chenye tangazo, mikono mgongoni, mabega yanatikisika. Aliporudi uso wake ulikuwa umeshatulia, ila macho yalimsaliti.

"Mtu wa kampuni angeniambia mashine ndiyo mbovu," akasema. "Halafu angeniuzia nyingine." Akakitazama kile kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu ambacho Fundi alikibana kifuani kwa pini, ndicho wanachopewa walio kwenye majaribio. "Kesho ulete picha. Utengenezewe kitambulisho cha kweli. Hicho kinaitia kliniki aibu."

Akaenda zake wodini kumwona mtoto.

Fundi akasimama palepale. Alijua anatakiwa kufurahi, akawa analia, machozi yanakuja yenyewe bila kwikwi, na wifi akamvuta ndani ya stoo akafunga mlango kwa kisigino.

"Picha tupige sasa hivi," wifi akasema, akitoa simu yake. "Ukiachiwa mpaka kesho utakwenda kwa wale wapiga picha wanaomfanya mtu awe kama mtuhumiwa. Simama hapo, mbele ya mashuka, ni meupe, yatapendeza. Futa uso. Kwa mkono wako? Ngoja." Akamfuta mwenyewe kwa mtandio, mashavu yote mawili, kisha pua, kwa nguvu kidogo, kama mtoto anayepelekwa shule. Akamweka kola sawa. Akarudi nyuma hatua mpaka akagonga seva.

"Cheka."

"Siwezi kucheka, wifi, nalia."

"Basi lia ukichekacheka. Haya."

Simu ikalia klik. Wifi akavaa miwani kutazama, na Fundi akaja akachungulia begani kwake. Picha ilikuwa ukungu mtupu, uso umekuwa nyuso mbili, kola imeruka juu ya sikio.

"Umetikisika," wifi akasema.

"Mimi nilisimama tuli, wifi."

Wifi akautazama mkono wake ulioshika simu, na Fundi naye akautazama, ukitetemeka bado kama wa mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali. Fundi akauweka mkono wake chini ya ule wa wifi, akaushikilia mpaka ulipotulia.

"Haya," akasema. "Piga tena."